Njia ya Kutokea

Mtaani walimwita Bwana Wakubwa, kwa sababu hata kiatu kikimbana, wakubwa ndio wamembana. Asubuhi hiyo hakutulia. Alizunguka duka lake la kuchapisha, akafungua dirisha, akalifunga, akaipiga kofi kompyuta yake ya Linux. Intaneti ilikuwa imekatika, na binti yake aliyelazwa ughaibuni alikuwa karibu kuingizwa chumba cha upasuaji. Simu ya mzee huyo ni kitochi tu, haina intaneti. Pa kuonana na binti ni kwenye kompyuta hiyo.

Mama wa binti alifia hospitali. Mzee, mumewe, akazuiwa getini, eti amri imetoka juu. Mdogo wa kike wa marehemu akaruhusiwa kuingia. Mzee hakuwahi kumsamehe. Na huyo mdogo mtu ndiye fundi wa mtandao wa jengo, kwa hiyo leo ilimbidi apande ghorofani kumwita, roho ikimuuma.

"Wamezima makusudi, hao wakubwa," alisema kabla fundi hajakaa.

"Mbona huko juu tunapata? Shemeji, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

Fundi akamkazia macho.

"Nimeipa kompyuta namba ya kudumu ya mtandao tu. Kila ikiwashwa inakuja na namba mpya, ile kompyuta ya pili ya dukani inashindwa kuipata."

Fundi akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Akaiita ruta, kisanduku kinachogawa intaneti, ikajibu. Akaita namba ya nje, kimya.

"Ruta unaifikia, ila nje hutoki." Akaingia kwenye mipangilio, akaangua kicheko. "Shemeji! Penye njia ya kutokea umeweka namba ya printa!"

"Sasa? Humu dukani kila kitu kinatokea kwenye printa."

"Kwa hiyo dunia nzima umeituma ikachapishwe!"

"Cheka tu. Mtoto anapasuliwa muda wowote."

Fundi akaacha kuandika. "Mtoto gani?"

"Wa dada yako."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeingia wewe kwanza."

Fundi akarudi kwenye kompyuta. Akafuta namba ya printa, akaweka ya ruta, akazima muunganisho na kuuwasha tena. Namba ya nje ikajibu, lakini ukurasa wa kupigia simu ya video ukagoma.

"Tayari?" Mzee alikuwa amemwinamia begani.

"Bado. Namba zinapita, majina ya kurasa hayapiti. Pa kuulizia majina umepaacha patupu."

"Sikujua kama kuna wa kuulizwa."

"Tumuulize ruta huyo huyo."

Akajaza namba ya ruta hapo pia, ukurasa ukafunguka. Simu ikaita, ikaita. Fundi akainuka. "Ongea naye. Nitakuwa nje."

Binti akatokea, kofia ya upasuaji kichwani. "Baba! Nilishakata tamaa. Ndio wananichukua."

Maneno yote aliyoyapanga yakamkimbia. "Umekula?" akauliza.

"Baba, mtu hapasuliwi na chakula tumboni." Binti akacheka huku machozi yakimlenga. "Uko peke yako?"

Mzee akageuka. Shemeji alikuwa amesimama kizingitini, uso barabarani, mabega yakitikisika.

"Hee, wewe," akaita. "Njoo bwana. Mtoto anauliza."

"Mama mdogo!" binti akapaza sauti.

Wakabananisha vichwa mbele ya kamera, kila mmoja akimkatiza mwenzake, mpaka kitanda kikaanza kusukumwa. Binti akampa mtu simu. Kioo kikaonyesha dari, kisha ukuta, kisha nguo ya mtu. Sauti ya muuguzi ikasema watawapigia wakimaliza, simu ikakatwa.

"Hawa madaktari nao," mzee akaanza.

"Shemeji, nakuomba."

Mzee akaliacha neno hilo. Akatembea hadi mlangoni, akarudi. "Sasa hapa haitakatika tena?"

"Haitakatika."

"Kaa basi. Ikikatika, nani atajua pa kugusa?"

Fundi akakaa.