Sauti ya Chiriku

Mwalimu wa hesabu alikuwa akifuta ubao kwa kitambaa chenye maji Chiriku aliponyoosha mkono. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa tangu aanze kusema hakuwahi kuchoka.

"Mwalimu, tukigawanya sehemu, kwa nini ile ya pili tunaigeuza?"

Mwalimu alikuwa na darasa lililofurika na macho mekundu ya kusahihisha. Isitoshe, hakuwa akijua kwa nini.

"Simama," alisema. "Uliza tena, wenzako wausikie ujinga wako."

Chiriku aliuliza tena. Darasa zima likaangua kicheko, na sauti ikamdondoka. Ilianguka sakafuni kwa mlio wa kijiko, ikabiringika hadi chini ya dawati la mbele. Mwalimu aliiokota, akaipangusa vumbi, akaiweka kabatini pamoja na chaki. Vitu vyote vilivyookotwa darasani vilikaa humo. Kisha akaendelea na somo.

Nyumbani mama yake, fundi cherehani, alimuuliza habari za shule. Chiriku alifungua kinywa, ikatoka pumzi tupu.

"Imedondoka darasani, mama," alieleza rafiki yake wa dawati moja, aliyekuwa amemsindikiza. "Mwalimu ameiweka kabatini."

"Mtoto huyu na kupoteza vitu!" alisema mama. "Juzi tu alisahau sweta huko huko."

Wiki hiyo zilianguka nyingine. Ya mwenye kigugumizi ilianguka alipoigizwa na mwalimu mbele ya wote. Ya msichana mmoja ilimtoka alipoambiwa kichwa chake ni cha kufugia nywele. Baadaye wengine waliona heri nusu shari kuliko shari kamili, wakawa wanazitoa wenyewe asubuhi na kuziacha mezani kwa mwalimu. Rafiki yake Chiriku alikuwa miongoni mwao.

Mwalimu mkuu aliwaleta walimu wengine dirishani.

"Mnaona nidhamu? Humu hata nzi akipiga chafya mtamsikia."

Mama Chiriku aliposubiri na kuchoka, alifunga cherehani akaenda shuleni. Mwalimu wa hesabu alimpokea kwa heshima, akampa kiti.

"Nimekuja kuchukua sauti ya mwanangu."

"Hapa hatumnyimi mtu chake, mama. Fungua kabati uchague. Ila nikuombe kitu kimoja: mfundishe kunyamaza. Nikimjibu kila anayeuliza, mtaala nitaumaliza lini?"

Sauti zilikuwa zimerundikana kama nguo za kufua. Mama alizichukua moja moja akaziweka sikioni. Moja iliomba ruhusa ya kwenda chooni. Nyingine ilikuwa ikihesabu kwa kunong'ona, ikikosea, ikianza upya. Ya Chiriku ilikuwa chini kabisa, kimya, lakini mama aliitambua kwa kikohozi kidogo alichokuwa nacho mtoto tangu uchangani. Aliifunga kwenye kipande cha kitambaa, akashukuru, akaondoka.

Jioni Chiriku aliimeza kwa maji ya uvuguvugu. Mama na bibi walikaa karibu yake.

"Haya, mwanangu. Sema chochote."

Chiriku alisimama, akaweka mikono nyuma.

"Samahani, mwalimu."

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo, mwalimu."

Bibi alisema italainika, apewe muda. Alipewa muda. Haikulainika. Hata alipokatwa na mkasi wa mama yake, aliomba radhi kwanza, ndipo akalia.

Mwisho wa mwaka darasa lile liliongoza mitihani yote. Mwalimu wa hesabu alipandishwa cheo, akapewa kazi ya kuwaelekeza walimu vijana namna ya kutuliza darasa. Kila mmoja wao alinunuliwa kabati.

Mwaka uliofuata mdogo wake Chiriku alifikisha umri wa kuanza shule. Shule nyingine ilikuwa mbali, na hii ilikuwa na sifa. Mama alimfunga vifungo vya shati, akamshika mkono. Njia nzima mtoto aliuliza: moshi unakwenda wapi ukimaliza kupanda, kwa nini kivuli hakilowi, nani alimfundisha mwalimu wa kwanza. Mama alijibu yote aliyoyajua, na asiyoyajua akayabuni. Alitembea polepole kuliko kawaida, watu wakawapita, hadi walipofika getini.