Futi ya Mzee Jabiri

Kicheko kilipolipuka uani, Zuena alikuwa ndani na wanawake wenzake, kajikunyata mkekani katika msiba wa mzee Abdi, kijijini Kang'ata. Huko nje mzee Sadala, mtani wa ukoo, alikuwa ametandaza futi ya fundi cherehani juu ya jeneza, anapima.

"Mwili umeenea," alitangaza. "Urefu sawa, upana sawa. Sasa niambieni, maringo ya mzee Abdi mmeyatengea wapi? Au yanakuja na gari la pili?"

Wafiwa wenyewe, macho mekundu, waliangua kicheko. Ndiyo kazi ya mtani msibani, wala hakasirikiwi. Zuena peke yake hakucheka. Maneno yale aliyaandika yeye, kuanzia futi mpaka gari la pili, na yalikuwa yamefichwa ndani ya droo ya cherehani lake kule Chanika, Handeni mjini.

Zuena ni fundi. Miaka kumi na tisa anashona kwenye kibaraza kilekile mjini Handeni, na nguo zake zimeingia harusi zote bila jina lake kutajwa hata mara moja. Vichekesho aliandika nyuma ya karatasi za kaki anazochorea mitindo, kati ya mteja na mteja. Redio moja ya Korogwe ilipotangaza mashindano ya kuandika vichekesho alipeleka chake, na wiki ile jina lake lilisomwa hewani miongoni mwa kumi waliopita mchujo. Jina lake, na la baba yake. Mtaa mzima ulisikia.

Ilibaki Jumamosi aende Korogwe na nakala tatu, akasaini fomu kwamba kazi ni yake peke yake na haijapata kuchezwa popote. Na sasa Sadala ameshaicheza mbele ya Kang'ata nzima.

Nani kamwambia? Aliyeiona kazi ile ni mtu mmoja tu: Hosiana wa steshenari, binti aliyetoka kijiji cha Vugiri, aliyemchapia. Shaka ikishaingia, kila kitu kinageuka ushahidi. Hosiana alicheka alipokuwa anachapa. Simu ilipolia, alitoka nje kuipokea. Kwa nini atoke? Zuena hakutaka kusikia zaidi, lakini wateja wake si watu wa kunyamaza. Amne, aliyekuja kupunguza gauni, alisema siku zote hakumwamini yule binti, anachekacheka mno na watu. Mwingine akasema hata hayo mashindano mshindi ameshapangwa, ni mpwa wa mtu.

Basi Jumatano asubuhi Zuena alikwenda steshenari, watu wamejaa wanatoa kopi, akayamwaga yote hapohapo. Hosiana aligeuza kioo cha kompyuta ili kila mtu aone, akalifuta faili. Jioni alikuja kibarazani kuchukua kitenge chake, kilichokwisha kukatwa na kuungwa kwa pini tu.

"Nipe hivyohivyo," alisema, akakikunja pini zikiwa ndani.

Alhamisi Zuena alipanda pikipiki kumfuata Sadala Kang'ata. Alimkuta anakaza fito za zizi la mbuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtani. Umekuja kunipima? Anza na wengine, mimi bado kidogo."

Zuena hakutabasamu. Alimuuliza moja kwa moja ni lini Hosiana alimpa yale maneno.

"Hosiana ndiye nani?" Sadala aliweka panga chini. "Hayo nilianza kuyasema juu ya jeneza la baba yako. Futi yenyewe siku ile ilikuwa yake, niliitoa kwenye cherehani lake. Jabiri na maringo yake, ningesema nini kingine?"

Zuena alikataa. Siku ile alikuwa ndani, analia, hakusikia kitu cha nje.

"Ulisikia," Sadala alisema taratibu. "Wewe ndiye uliyecheka kwanza, tukakusikia huku uani. Shangazi yako akakuziba mdomo kwa kanga."

Zuena alikaa juu ya rundo la fito. Ladha ya wanga wa kanga mpya ilimrudia mdomoni, na nyuma yake kikarudi kicheko chake mwenyewe, cha msichana wa miaka kumi na minane. Miaka yote hiyo alijua alilia tu.

Baadaye alimsomea ukurasa uliofuata wa kichekesho chake, pale ambapo mjane anajibu kutoka ndani. Mzee alicheka mpaka akashika zizi.

"Hilo la mjane silijui," alisema. "Hilo ni lako. Ila na mimi uniandike, nisije nikafa jina langu halijasikika redioni."

Ijumaa alirudi steshenari, akangoja mpaka watu wakajaa tena, akasema mbele yao kwamba amekosea. Hosiana alimaliza kubana karatasi za mteja. Halafu alivuta mfuko wenye kile kitenge chini ya meza, akamsogezea.

"Pini zimo humo. Usijichome." Akavuta kiti kwenye kompyuta. "Leta hizo kaki. Soma, nichape."

Korogwe, Jumamosi, benchi la redio lilikuwa limejaa washiriki wanaotazamana kwa pembe za macho. Kijana mmoja aliikumbatia bahasha yake Zuena alipoketi jirani. Mapokezi alikuwapo binti anaitwa Yusra. Aliisoma fomu ya Zuena, akairudia. Palipoandikwa "peke yangu" palipigwa mstari, na pembeni kwa kalamu: mwanzo ni wa mzee Sadala wa Kang'ata, aliusema msibani kwa baba yangu.

"Mama, hii fomu haina nafasi ya watu wawili."

"Nimeona."

"Wanaweza kukutoa."

"Kawaulize, mwanangu."

Yusra alimpima kwa macho, akachukua karatasi zote, akaingia ndani na kufunga mlango. Zuena alitoa mkobani futi aliyoachiwa na baba yake, ile ya kitambaa cha mpira iliyofutika namba mwanzoni, akaizungusha kidoleni, akaizungua, akaizungusha tena.

Nyuma ya ukuta mwanaume alianza kusoma, kwa sauti kavu, kama anasoma orodha ya vifaa. Alipima jeneza. Aliuliza habari za maringo. Kisha akafika kwa mjane: "Maringo yaacheni hapahapa. Ndiyo nyumba pekee aliyonijengea."

Kiti kilikwaruza sakafu. Halafu mtu mmoja akacheka, akafuatiwa na mwingine.

Benchi zima liligeuka kumtazama Zuena. Aliushika upindo wa kanga yake, laini kwa kufuliwa miaka mingi, akaupeleka mdomoni. Uliishia kidevuni, kicheko kikatoka.