Kioo cha Pijo ya Rwegasira

Fundi Methodius alifika Nyaishozi Jumamosi saa tatu asubuhi, akiwa na tochi, jeki ndogo, daftari la shule, na sumaku aliyoivisha soksi ili isikwaruze rangi za watu. Alikuwa ametumwa na mzee mmoja wa Mwanza ambaye hununua magari ya zamani na kuyafufua. Kazi ya Methodius ilikuwa kutangulia, kulikagua gari kuanzia chini hadi juu, na kusema kama linafufulika au ni la kukatwakatwa chuma.

Kokwijuka alikuwa uani akigeuza kahawa kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa Kayanga."

"Hiyo imeshaishia njiani," alisema Kokwijuka, akamletea uji na ndizi mbili za kuchoma. Methodius aliumaliza uji, kisha akakisuuza kikombe mwenyewe kwenye ndoo na kukifunika juu ya kichanja. Kokwijuka aliliona hilo. Alikuwa na miaka sabini na wanaume aliowaona wakisuuza kikombe hawakujaza mkono mmoja.

Pijo ilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba, imesimama juu ya mawe manne. Ilikuwa pikapu, 404, ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Marehemu mume wake, Rwegasira, aliinunua mwaka themanini na nne baada ya misimu mitatu mizuri ya kahawa. Kahawa hiyo ilichumwa na Kokwijuka, ikaanikwa na Kokwijuka, ikabebwa kichwani na Kokwijuka mpaka chama cha msingi. Malipo yaliandikwa kwa jina la Rwegasira, kwa sababu mibuni ni ya mwanamume, na kadi ya gari ikafuata jina hilohilo. Pijo ilizimika mwaka tisini na sita na haikuwaka tena. Rwegasira naye alizikwa mwaka elfu mbili na tisa, hatua thelathini kutoka lilipo gari.

Kokwijuka alimtandikia fundi majani ya mgomba ili asichafue shati. Methodius aliingia chini ya gari, zikabaki nje ndala zake.

"Chasi nzima," alisema kutoka chini. "Mama, hii ilitunzwa."

"Alikuwa akiiosha kila Jumapili. Mimi nilioga nikipata maji."

Fundi alicheka huko chini. Alitoka, akaanza kupitisha sumaku kwenye milango na matao ya magurudumu. Sumaku ilishika kila mahali. Hapakuwa na puti ya kuzibia mabonyeo hata ya ukubwa wa ukucha.

"Haijawahi kugongwa?"

"Iligonga mbuzi mara moja. Mbuzi alipona."

Mlango wa abiria, upande wa kushoto, ulikataa kufunguka. Alijaribu kwa mkono, kwa bisibisi, na kwa maneno mazuri, ukakataa. Akaingilia upande wa dereva. Siti ya mbele ilikuwa moja ndefu. Alipitisha kiganja juu yake, akaandika kwenye daftari: upande wa dereva imebonyea; upande wa kushoto imebonyea zaidi. Kokwijuka alikuwa amesimama nje ya dirisha na aliyasoma maandishi hayo yakiwa juu chini.

"Ulikuwa unakaa hapa, mama?"

"Nyuma. Juu ya magunia."

"Na mbele?"

"Mbele alikaa mteja. Mteja hakai nyuma, ndivyo alivyokuwa akisema marehemu."

Kioo cha ndani, kile cha katikati juu ya dashibodi, kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha jikoni na kufungwa kamba ya mgomba. Methodius aliifungua kamba taratibu, akatoa kitambaa, akakifuta kioo vumbi, akatazama.

"Mama, humu kuna mtu."

"Najua."

"Mwanamke. Ana kitambaa cha njano kichwani. Fundo liko mbele."

"Anajipaka mafuta midomoni?"

"Ndiyo anaanza."

"Kutwa nzima ni hiyo," alisema Kokwijuka. "Angalia kama kuna siku ameshika jembe."

Methodius aliandika: kioo cha ndani, cha asili, kina mtu. Alisema vioo vya zamani hushika sura, kwa sababu zebaki yake ilikuwa nzito. Biharamulo alikutana na Landrova yenye padri kwenye kioo, anasoma kitabu cha sala na hageuki hata ukimpigia honi.

"Wangu huyu hasali," alisema Kokwijuka.

Mwanamke wa kiooni aliitwa Nyirabageni, wa Kamuli, upande wa Kyerwa. Alikuwa akinunua maharage mashambani na kuyapeleka mnadani kwenye Pijo. Kwa miaka kumi alisafiri mbele. Kokwijuka alipofiwa na kufungua gari ili alifagie, alimkuta kiooni akiwa na umri uleule wa miaka ishirini na nane, meno yote, shingo haina hata mkunjo. Alimfunika siku hiyohiyo. Lakini kila wiki aliifungua kamba amwangalie kama amezeeka, na kila wiki alimkuta hajazeeka. Kokwijuka aling'olewa magego, akaota mvi, akaanza kutembelea fimbo. Yule wa kiooni alikuwa bado anarekebisha kitambaa.

Hiyo ndiyo sababu aliyompa mjukuu wake Joyness alipomwomba alipige gari picha na kulitangaza kwenye simu: anataka mwanamke huyo atoke kwenye kibanja chake. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Alitaka fundi, mtu anayejua magari, amwambie kama na yeye yumo mahali popote ndani ya lile gari.

"Vioo vya pembeni umeviangalia?" aliuliza.

Methodius aliviangalia. Cha kulia kilikuwa na kiwiko cha Rwegasira, mkono wa shati umekunjwa. Cha kushoto kilikuwa na barabara ya vumbi na kuku anayevuka.

"Kuku yumo," alisema Kokwijuka.

"Yumo, mama."

Kokwijuka alisimama kidogo akiitafakari habari ya kuku. Methodius alirudi kwenye kioo cha ndani na kumulika kwa tochi shingo ya kioo, pale kinaposhikwa na bati.

"Hapa ndipo penye tatizo," alisema. "Kioo hiki kimetengenezwa kiangalie nyuma, kwenye mzigo. Aliyekuwa akiendesha alikigeuza kikaangalia siti ya kushoto, kikakaa hivyo mpaka kikashika kutu. Miaka yote hiyo aliendesha bila kuona nyuma."

"Kinanyooka?"

"Kwa oili na subira."

Alidondoshea oili, akasubiri, akakikamata kwa plaizi iliyozungushiwa kitambaa. Kokwijuka hakungoja aambiwe. Alizunguka nyuma ya gari, akaweka fimbo ndani, akapanda kwenye bodi kwa magoti, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa karibu miaka thelathini. Akakaa mahali pake pa zamani, kona ya kulia, mgongo kwenye bati.

Kioo kililia, kikageuka.

"Unaniona?" aliita Kokwijuka.

"Nakuona, mama."

"Unaniona wa leo au wa zamani?"

Methodius alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Kokwijuka alijua anatafuta namna nzuri ya kusema.

"Wa leo," alisema. "Kinashika kile tu kilichokuwa kikioneshwa. Samahani, waitu, mama yangu."

"Na yeye je?"

"Yeye amesogea pembeni kidogo. Amepata nafasi."

Kokwijuka alikuwa bado juu ya bodi pikipiki ilipoingia uani. Mwanamke mzee mwembamba aliteremka, akiwa na kikapu mkononi. Kitambaa chake kilikuwa kimekaa upande, sikio moja ndani na jingine nje, na shavuni alikuwa na mstari wa mafuta ambayo hayakusambazwa. Alikuja moja kwa moja nyuma ya nyumba kama mtu anayeijua njia.

"Shikamoo, dada," alisema Nyirabageni.

"Marahaba." Kokwijuka aliifurahia shikamoo hiyo, kisha akakumbuka kwamba anayeamkiwa ndiye mzee, ikamchachia.

"Nimeleta maharage kidogo."

Kokwijuka aliyapokea kwa mikono miwili, maana mgeni ni mgeni, akayaweka karibu na fimbo.

"Nani kakwambia?"

"Mtoto wa dada yangu, Liliane. Aliona picha za gari kwenye simu. Akazikuza, akasema, mama mdogo, uko humu."

Nyirabageni aliushika mlango wa kushoto nao ukafunguka bila kelele. Methodius aliandika hilo. Nyirabageni akaketi. Siti ilikuwa na shimo kubwa kuliko yeye alivyo sasa, akazama kidogo. Alitazama juu. Yule wa kiooni alimtazama kama abiria anavyomtazama abiria mgeni, akampisha, akaendelea na mafuta yake.

Wote watatu walikuwa ndani ya gari: fundi kwenye usukani, Nyirabageni kushoto, Kokwijuka nyuma. Dirisha la nyuma halikuwa na kioo, kwa hiyo walisikilizana vizuri.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza Kokwijuka. "Marehemu umeshamkosa."

"Nimefuata kilicho changu."

"Chako? Hapa huna hata boliti. Boliti zote hizo ni kahawa yangu."

"Baki na boliti zako, dada. Mimi nataka uso. Nipe kioo hicho."

Akaeleza, bila kulia. Tangu Pijo ilipozimika, hakuna kioo kilichomwonesha. Wala maji ya beseni, wala dirisha la duka. Kwenye kitambulisho chake kuna picha ya kitambaa na mabega. Mpiga picha alimwambia tu asitabasamu. Alimzika mume aliyempata baadaye na hakujua siku hiyo alikuwa na sura gani. Wajukuu humwambia ana kovu kidevuni, naye hana hakika kama wanamtania.

"Kovu lipo," alisema Methodius. "Dogo."

"Asante, mwanangu."

"Lakini ulikaa mbele," alisema Kokwijuka kutoka nyuma.

"Nilikaa mbele mpaka njiapanda ya Omurushaka. Pale alinishusha nidandie magari ya watu mpaka Kamuli, mvua au jua. Wewe alikufikisha mpaka mlangoni. Nilikuwa nakuona umelala juu ya magunia, nasema, huyu anaenda kulala kwake."

"Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nageuka nyuma. Mara nyingi."

Kokwijuka aliwaza kwamba kati ya watu wote, huyu ndiye aliyekuwa akigeuka, na jambo hilo halikumpoza. Lilimwongezea uchungu.

Methodius alikohoa. Alisema ni lazima aseme upande wa kazi. Mzee wa Mwanza hutaka gari lenye vitu vyake vyote vya asili. Kioo chenye mtu ni kitu adimu sana, watu watatoka mbali kuja kumtazama. Kioo kikiwemo, gari linachukuliwa kama lilivyo na kufufuliwa. Kioo kikitoka, yeye ataandika kwamba ni chuma chakavu. Kadi ina jina la marehemu, kwa hiyo Jumatatu shemeji yake Kokwijuka, Polikarpi, ndiye atakayesaini kwa niaba ya ukoo. Lakini Polikarpi hajui kilichomo ndani ya gari, na kioo kimeshikiliwa na skrubu mbili tu.

"Mwenye kusema leo ni wewe, mama," alimwambia Kokwijuka.

"Nakuomba, Mama Elpidius," alisema Nyirabageni. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina la mtoto wake kabla.

Kokwijuka aliitazama ile shingo nyembamba mbele yake na kitambaa kilichokwenda upande. Alijua ni jambo dogo. Skrubu mbili. Alijua pia kwamba mwanamke huyo akiupata uso wake, ataondoka akiwa mzima, na gari litakatwa, na yeye Kokwijuka atakuwa ametoa mara ya pili kitu cha kahawa yake ili huyu apendeze.

"Gari litaondoka zima," alisema.

Nyirabageni aliinamisha kichwa. Kokwijuka alikuwa amefikiri kwamba siku akimnyima kitu mwanamke huyu itakuwa tamu, lakini haikuwa tamu, na hakubadili neno lake.

Methodius alikamilisha ukurasa. Mwenye gari: Rwegasira. Mwenye kusaini: Polikarpi. Shahidi: Kokwijuka. Abiria wa mbele: mmoja, wa asili, hali nzuri. Akamwonesha Kokwijuka mahali pa kuweka dole gumba. Yeye akaomba kalamu, akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, kwenye mstari wa shahidi. Kisha fundi alimsaidia kushuka, akimshika kiwiko na si mkono, kama anavyoshikwa mtu mwenye magoti mabaya.

Dereva wa pikipiki aliwasha. Nyirabageni alitoka kwenye gari, akaufunga mlango kwa upole, akaanza kuondoka na kitambaa chake kile, sikio moja nje.

"Wewe," aliita Kokwijuka. "Huwezi kupita njiani hivyo. Njoo."

Alimfungua kitambaa. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alimfuta yale mafuta ya shavuni kwa ncha ya kanga, akayasambaza yaliyobaki, akamfunga upya. Fundo aliliweka nyuma, kama anavyofunga yeye mwenyewe, wala si mbele. Alilikaza, akarudi hatua moja kutazama.

Nyirabageni alisimama kwa utulivu kama mtoto anayevalishwa kwenda kanisani.

"Nimekaaje?" aliuliza.

Hapakuwa na kioo cha kumwambia. Kokwijuka alikawia mpaka dereva akapiga honi.

"Umependeza," alisema.

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuuma.