Upande wa Mama

Fundi saa aliiharibu kompyuta yake kwa kuitengenezea saa. Mtu mwingine angeiacha ilivyo, maana nani anahangaika na saa ya kompyuta wakati ana moja mkononi na nyingine nne ukutani? Lakini yeye alikuwa amekaa miaka arobaini ndani ya kibanda cha kioo akizitia adabu saa za watu, na hata baada ya kustaafu hakuvumilia saa inayosema uongo ndani ya nyumba yake. Siku kompyuta ilipowaka ikidai kwamba ni Januari ya mwaka ambao watu walishausahau, alicheka peke yake, akachukua bisibisi na kufungua kasha. Alichokitarajia ndicho alichokikuta: kibetri cha duara kama sarafu, ndugu mkubwa wa vile alivyozoea kuvitia kwenye saa za mkononi, kimekufa. Akaweka kipya, akarekebisha tarehe, akajipiga kifua.

Asubuhi iliyofuata ndipo alipogundua kwamba kuna kitu hakipo.

Kompyuta ile ilikuwa na pande mbili. Aliyeigawa ni binti yao wa pekee, anayefanya kazi za kompyuta ng'ambo, alipokuja likizo. Upande mmoja aliacha mfumo wa Windows, wa baba, ambaye aligoma kabisa kujifunza kitu kipya. Upande wa pili alitia mfumo mwingine, Linux, wa mama, mshonaji wa sare za shule, ambaye kitu kipya hakikuwahi kumtisha ilimradi kisimpotezee muda. Ukiiwasha, kabla ya lolote, kioo kilikuwa cheusi na chenye mistari miwili ambayo binti aliiandika mwenyewe: MAMA juu, BABA chini. Sekunde kumi zilihesabiwa kurudi nyuma. Usipochagua, unapelekwa kwa Baba.

Pande hizo ziligombana kwa jambo moja tu, nalo ni saa. Ndani ya mashine saa ni moja, binti alieleza, ila upande wa mama huiweka kwa saa ya dunia, ile ya Greenwich, na upande wa baba huisoma kana kwamba ni saa ya hapa nyumbani. Basi kila mama alipoingia upande wake na kuwasha intaneti amwandikie binti, kesho yake baba alikuta saa yake imerudi nyuma kwa saa tatu kamili. Wala haikuwa na namna ya kujirekebisha, kwa sababu upande wa baba haukuwahi kuunganishwa intaneti; karata anazocheza hazihitaji. Kwa miaka sita alianza siku kwa kulalamika. "Umeniharibia saa tena," alisema, na mkewe alimjibu kutoka jikoni kwamba mtu mwenye saa nne ukutani hawezi kuchelewa, tena hana hata pa kwenda.

Sasa ulikuwa mwezi wa tisa tangu wamzike. Mpaka betri ilipokufa, saa ya kompyuta haikuwahi kukosea hata dakika, na mzee aliuchukia usahihi ule. Kitu pekee kilichomliwaza ni zile sekunde kumi. Hakuwahi kuchagua MAMA. Aliogopa, na kwa hilo hakujidanganya. Alikaa tu na kikombe chake, akalisoma lile jina mpaka hesabu iishe, ndipo akaenda kwake kucheza karata. Kwa sekunde kumi nyumba ilikuwa na watu wawili.

Na sasa kioo kilikwenda moja kwa moja hadi Windows. Hapakuwa na mistari wala hesabu. Aliizima na kuiwasha mara saba, kisha akaizungushia shuka na kuibeba hadi kwa fundi kompyuta wa mtaa wa pili, mama mmoja mwenye maneno machache na foleni ndefu.

Mama yule hakuchukua muda. Betri ilipotolewa, alisema, mashine ilisahau orodha yake ya njia za kuanzia, ikabaki na hiyo moja inayoijua yenyewe. Upande wa pili bado upo, lakini kwa jinsi anavyoona hakuna aliyeugusa tangu mwaka jana. Yeye angeufuta, nafasi yote iwe ya mzee. Alisema kwa wema kabisa, na mkono tayari uko kwenye kipanya.

Mzee alitandaza kiganja juu ya kibodi. Aliomba asifute, arudishiwe mashine yake. Alipoulizwa sababu aliona haya, akajitia anawahi mahali.

Nyumbani alimpigia binti. Simu zao siku hizi zilikuwa fupi. Kila mmoja alimuuliza mwenzake kama amekula, wakaagana. Safari hii alieleza betri, orodha, na mkono wa yule mama kwenye kipanya.

"Baba, kwani upande wa mama kuna kitu gani unachokihitaji?"

"Hakuna, mwanangu. Nataka nilione jina lake asubuhi."

Binti alimwambia achukue kalamu. Kisha akaanza kumwelekeza polepole, na mzee akaandika nyuma ya kalenda. Mashine ikiwaka tu, abonyeze F2 bila kuacha, mpaka afike kwenye mipangilio. Atafute sehemu ya kuwaka. Aongeze njia mpya: afungue folda yenye jina la mfumo wa mama, achague faili liitwalo grub, linaloleta ile mistari miwili, aiweke njia hiyo juu ya Windows, ahifadhi.

Mara ya kwanza alichelewa kubonyeza. Mara ya pili alichagua faili lisilo lake, na kioo kikabaki cheusi, kistari kimoja tu kikipepesa pembeni. Aliona kwamba amemzika mkewe mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake mwenyewe. Binti alimtuliza, akamwambia hakuna kilichofutika, arudie. Mzee akaenda kuchukua lenzi yake ya kazi, akaibana jichoni, akasoma majina ya mafaili herufi kwa herufi.

Mashine ikazima, ikawaka. MAMA juu, BABA chini. Kumi, tisa, nane.

"Yupo," alisema.

Binti alipenga kamasi huko aliko. Kisha akasema, "Ile saa ningeirekebisha siku ileile, baba. Ni amri moja tu. Mama ndiye aliyekataa. Aliniambia iache, nikimwondolea hiyo baba yako atanigombeza kwa lipi?"

Walicheka wote wawili, halafu wakaagana.

Aliiwasha upya. Safari hii alibonyeza mshale wa kwenda juu, akaingia. Hapakuwa na neno la siri. Mkewe aliwahi kusema nani atamwibia michoro ya sketi. Michoro ilikuwepo, shule baada ya shule, na vipimo vyake. Faili moja liliitwa "fundi, shati". Ndani yake kulikuwa na kola, kipimo cha shingo, na maneno mawili: ameongezeka tena. Intaneti ikajiunganisha yenyewe. Alikaa pale hadi chai ikapoa, kisha akaizima taratibu.

Asubuhi alikaa na kikombe chake, akaziacha sekunde kumi zipite, akapelekwa kwa Baba. Saa ya mkononi ilisema saa mbili na dakika kumi. Ya kompyuta ilisema saa kumi na moja na dakika kumi, alfajiri. Mkono wake ulishika kipanya na kwenda pembeni kuirekebisha, kama ulivyozoea.

"Umeniharibia saa tena," alisema, akigeuza uso kuelekea jikoni.

Alingoja kwa muda uleule ambao jibu lilizoea kuchukua. Kisha akatoa mkono kwenye kipanya, akaiacha saa ilivyo.