Ringi ya Thelathini

Mtaa mzima ulimwita Fuko, na yeye mwenyewe alishachoka kulichukia jina hilo. Alikuwa mchimba visima. Tangu alipoacha shule darasa la tano alikuwa akiingia ardhini asubuhi na kutoka jioni, na kama kuna mtu aliyejua kilichokuwa chini ya nyumba za mtaa ule, ni yeye.

Siku ya mkutano wa mtaa aliamka mapema. Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anajikanda miguu iliyovimba. Huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu figo zake zife. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na hospitali ilikuwa pale pale mwisho wa mtaa, hatua mia tatu na kitu kutoka mlangoni. Kwenda, alikwenda kwa miguu yake. Kurudi, Fuko alimshika mkono, na siku nyingine alimbeba mgongoni mchana kweupe, watu wakitazama.

"Leo ukisimama usiwape watu hotuba," mkewe alimwambia. "Sema ardhi yetu ni nzuri, ukae chini."

"Mimi na hotuba wapi na wapi, Mama Pacha?"

"Nakujua. Harusini kwa wanao ulipewa kipaza sauti, ukawaeleza wageni aina za udongo."

Fuko alicheka, mkewe naye akacheka, halafu akashika ubavu.

Jiji lilitaka kuleta treni, na kwa miezi minne watu hawakuwa na habari nyingine. Kulikuwa na treni ya juu na treni ya chini. Ya juu ni ile nyepesi, inapita barabarani kama gari, unaipandia kando ya duka. Inajengwa upesi na haili fedha nyingi, na jiji karibu lote liliitaka. Ya chini inapita kwenye handaki, haisumbuliwi na foleni wala mvua, lakini kujenga kwake ni kazi ya miaka. Mtaa wa Fuko ulitaka ya chini, na sababu ilikuwa moja tu. Barabara yao ilikuwa nyembamba. Treni ya juu isingepita hapo mpaka nyumba zote za upande wa kushoto zivunjwe, na Fuko aliishi kushoto. Wenye nyumba wangepewa viwanja nje kabisa ya jiji, nyuma ya kiwanda cha saruji, mwendo wa saa mbili na nusu mpaka hospitali, tena barabara ikiwa nzuri. Mashine za kusafisha damu zilikuwa hapo tu na katika hospitali nyingine moja, ambayo haikupokea mtu mpya. Daktari hakuzungusha maneno. Akikosa mara moja, ataumwa. Akikosa mara mbili, maji yatajaa kwenye mapafu.

Kwa hiyo Fuko alipoambiwa na Spana, jirani yake mwenye gereji, kwamba mtaa umemchagua kuwa shahidi wao, hakuuliza mara mbili.

"Wewe ndiye profesa wetu," Spana alimwambia wakiingia kwenye ukumbi wa shule. "Wao wana digrii, sisi tuna Fuko. Leo utoke shimoni, ndugu yangu, dunia ikuone."

Ukumbi ulifurika. Ukutani ilibandikwa karatasi ndefu yenye mchoro wa mtaa uliokatwa kama mkate: juu nyumba, chini yake matabaka ya rangi, na katikati ya matabaka bomba kubwa jekundu. Pembeni alisimama mhandisi, mwanamke kijana, mwembamba, asiyepaza sauti. Fuko alimfahamu. Miezi miwili nyuma alikuja uani kwake, akakaa juu ya ringi ya zege kama mtoto wa nyumbani, akaomba maji ya kunywa na kuuliza habari za visima.

"Mashine yetu ya kupimia udongo haikuweza kuingia kwenye vichochoro vyenu," mhandisi aliwaambia watu. "Kwa hiyo hapa tumetegemea wachimba visima, na wametusaidia sana. Mchanga wenye maji uko mita thelathini. Handaki litapita mita kumi na tano, kwenye udongo mgumu, na kituo kitakuwa chini ya hospitali. Kwa mtaa huu, treni ya chini inawezekana."

Watu walipiga makofi. Spana alimpiga Fuko bega mpaka likauma. Fuko hakupiga makofi. Jicho lake lilikuwa limeganda kwenye tarakimu iliyoandikwa mchoroni: mita thelathini.

Yeye hakuwahi kusema mita. Katika kazi yake hakuna mita. Mchimbaji hufyatua ringi za zege, kila moja urefu wa nusu mita, akaweka moja chini, akaingia ndani yake na kuchimba chini ya ukingo mpaka ringi izame kwa uzito wake. Kisha huweka ya pili juu yake, na ya tatu, hivyo hivyo mpaka maji. Mtaa mmoja kisima huwa cha ringi ishirini, mwingine cha ringi thelathini na mbili, basi. Yule binti alipomuuliza, "Mzee, mchanga wa maji unakutana nao kwenye ngapi?" Fuko alijibu, "Thelathini, mtaa mzima, haibadiliki." Binti akaandika. Hakuuliza thelathini ya nini, naye Fuko hakuona haja ya kueleza, maana ni nani asiyejua kwamba visima huhesabiwa kwa ringi?

Alihesabu kwa vidole chini ya kiti. Alirudia. Ringi thelathini ni mita kumi na tano. Lile bomba jekundu lilikuwa limelala ndani ya mchanga kabisa.

Wachimbaji waliuita uji. Ukitoboa pale, haudondoki kama mchanga mwingine, unapanda. Mdogo wake Fuko alifia humo, kwenye kisima cha nyuma ya duka la mikate, ringi ya thelathini. Ulimfika kiunoni akiwa bado anatania, anasema leo anaoga bure. Ulipomfika kifuani aliacha kutania. Walivuta kamba mpaka viganja vikachanika. Na kule juu, kabla jua halijazama, ukuta wa duka la mikate ulipasuka toka msingi mpaka paa na duka likakaa upande, kwa sababu ya shimo moja la upana wa mtu kunyoosha mikono. Handaki lile lingepitisha treni mbili zikiwa sambamba.

"Shahidi wa mtaa," mwenyekiti wa mkutano aliita.

Fuko hakuinuka. Alijiambia watapima tena wenyewe, wasomi hawawezi kuchimba kwa maneno ya mtu wa darasa la tano. Alijiambia siku ile mhandisi ndiye aliyepaswa kuuliza vizuri. Alijiambia mengi kwa muda mfupi.

"Nenda bwana, unaitwa," Spana alimsukuma.

Alikwenda. Alishika kipaza sauti, akaona nyuso zote za mtaa wake zikimtazama kama watu wanaongoja chakula.

"Ardhi yetu ni nzuri," alisema.

Ukumbi ulilipuka. Akina mama walipiga vigelegele. Mtu alipiga mluzi. Alichotakiwa ni kukaa tu sasa, na alijaribu. Aliinua mguu mmoja akaushusha pale pale.

"Endelea, mzee," mwenyekiti alisema. "Au umemaliza?"

"Binti yangu," Fuko alimgeukia mhandisi. "Siku ile nilipokwambia thelathini, nilisema ringi."

"Ringi?"

"Ringi ya zege. Uliikalia."

Mhandisi alimtazama bila kupepesa. "Ringi moja ina urefu gani?"

Fuko aliweka kiganja juu kidogo ya goti lake. "Nusu mita."

Yule binti alikwenda kwenye mchoro, akaweka kidole kwenye bomba jekundu, akakiacha pale. Rangi ilimtoka usoni, na ukumbi mzima ulielewa kabla hajafungua mdomo.

"Fuko, kaa chini!" Spana alikuwa amesimama juu ya kiti. "Umelewa wewe?"

"Watu wa treni ya juu wamemlisha pesa!" mwingine alipiga kelele.

"Alikuwa mwongo siku ile au ni mwongo leo? Mwulizeni!"

"Jamani, mchanga ule nimeuona," Fuko alisema. "Hospitali itazama. Kuna watu wamelala mle." Halafu aliusahau ukumbi, akamsogelea mhandisi kama mtu anayeomba msaada njiani. "Basi hiyo ya juu ipitisheni kulia. Kulia kuna nini?"

"Kuna bomba kuu la maji, mzee. Na shule hii."

"Isogezeni kidogo. Nyumba kumi tu ziachwe, hizi za karibu na hospitali. Sita. Niachieni chumba kimoja, mke wangu anasafishwa damu pale."

Mhandisi alifungua mdomo, lakini mwenyekiti alimwahi. "Tunakupa pole, mzee. Lakini hilo si ajenda ya leo."

Wakamnyang'anya kipaza sauti kwa upole, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu. Kabla ya saa tisa mwenyekiti alitangaza kwamba kamati itapendekeza treni ya juu kwa njia nzima, na ubomoaji utaanza baada ya miezi kumi na minne. Watu walitoka wakimpita Fuko huku na huku. Hakuna aliyemgusa. Spana alipita akiwa amekunja uso, akamwambia neno moja tu la matusi, tena kwa sauti ya chini, na hilo liliuma kuliko kelele zote.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mkewe alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, nyuma yake ringi sita zinazongoja kukauka.

"Ni kweli?"

"Kweli."

"Hukuweza kukaa chini."

"Mdogo wangu alifia mle, Mama Pacha."

"Sijakuuliza habari za mdogo wako. Nakuuliza habari zangu."

Fuko alichutama mbele yake. "Hospitali ingezama. Na wewe ukiwa ndani, umefungwa mipira mikononi."

"Ingezama lini? Kesho?" Hakupaza sauti, pumzi hakuwa nayo. "Kuchimba miaka mitano. Mpaka ipasuke, sita, labda kumi. Miaka sita mimi ningeipokea kwa mikono miwili, baba. Wewe umenipa miezi kumi na minne."

"Na wagonjwa wengine?"

"Sikuolewa na hao wagonjwa wengine. Nimeolewa na wewe."

Fuko alinyoosha mkono. Alitaka kumshika mguu ule uliovimba aukande kama kila jioni. Mkewe aliuvuta ndani ya kanga.

Ijumaa alfajiri Fuko alishtuka kusikia mlango. Mkewe alikuwa ameshatoka na kifuko chake cha hospitali, anatembea peke yake, mkono mmoja ukutani. Fuko alivaa shati vibaya, akamfuata. Alibaki nyuma hatua kumi, maana aliogopa kusogea na aliogopa kubaki. Mwenye duka alikuwa akifagia mbele ya mlango wake. Alimwamkia mama, akamwachia Fuko vumbi.

Mbele ya gereji mkewe alisimama. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka. Fuko naye alisimama. Spana alitoka na mikono yenye grisi, akamtazama mama, akamtazama Fuko, akaingia ndani. Alirudi na kiti cha plastiki, akakipangusa kwa kitambaa, akamkalisha mama wa watu. Kisha akarudi kwenye gari lake na kuanza kugonga chuma kwa nguvu, kama chuma ndicho kilichomkosea.

Mama Pacha alikaa muda mrefu. Hakugeuka, lakini alijua aliyekuwa nyuma yake.

"Kutoka huko kwenye viwanja," alisema, "nikichoka, nitapumzika wapi?"

Fuko alifikiria ile njia, saa mbili na nusu, kiwanda cha saruji, barabara kuu, na kwingine ambako hakumjua hata mtu mmoja. Mkewe aliinuka, akaushika ukuta, akaendelea kwenda hospitali.