Msemaji na Mrija Wake

Siku tuliyotoka kumposea mwanangu mke huko Gakenke, dereva wetu alikuwa Rugwiro, mtoto wa kaka yangu. Ndiye pia aliyekuwa msemaji wetu, na balaa lilianzia hapo. Kwetu posa ikikubaliwa, wasemaji wawili huwekewa chungu cha pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake. Ukibandua mdomo kabla ya mwenzio, umewadharau wakwe. Rugwiro hakuwadharau hata kidogo.

"Niko sawa, Shangazi," aliniambia, huku akijaribu kuingiza ufunguo kwenye redio.

Nilicheka. Tulipoanza kuteremka kona za Buranga, kicheko kikaniisha. Upande wangu ni korongo tupu, migomba ya chini naiona kama vitunguu vya majani. Nyuma yupo Uwera, mkewe, mimba imeshakomaa, kalikumbatia tumbo kwa mikono miwili. Lori likatupigia honi ndefu. Rugwiro akalipungia mkono.

Mwenye pikipiki aliyekuwa akipanda mlima akatuonyesha kiganja, akakishusha mara mbili: polisi wako mbele.

"Wana kile kidude cha kupuliza!" Rugwiro akaruka. "Watanilaza ndani!"

"Utalala vizuri tu. Hakuna mke wa kukukoromea."

"Usinitanie, Shangazi! Nipe yale maziwa ya mgando tuliyopewa na wakwe, yaue harufu."

Akanywa kibuyu kizima, yakamtiririka hadi kwenye tai.

"Sasa umekuwa ndama mlevi," nikamwambia.

Hakunisikia. Alikuwa ameshakata usukani kuingia njia ya machimbo ya mchanga, ile inayotokea nyuma ya polisi.

"Si ndiyo iliyomeguka na mvua?" Uwera akauliza.

"Nitapita."

"Rugwiro, baba, nakuomba."

Gurudumu la nyuma likateleza. Udongo ukamomonyoka upande wangu, nikausikia ukianguka, nikangoja usikike ukifika chini. Haukusikika.

"Simama!" nikapiga kelele. "Mkojo!"

"Sasa hivi?"

"Mkojo wa bibi kizee haupangi foleni! Au niumwage kwenye kiti chako kipya?"

Kile kiti alikipenda kama roho yake. Akasimama. Nikachomoa ufunguo, nikautumbukiza kifuani, mahali ambapo mtoto wa kaka hatii mkono hata awe amelewa vipi. Nikamteremsha Uwera, tukashuka kwa miguu kuelekea kwa polisi.

"Shangazi, unanipeleka jela!"

"Nakupeleka kwa mwanao."

Askari, binti mwembamba, akatushangaa. "Bibi, kuna nini?"

"Nimekuletea mpuliza filimbi. Yuko nyuma anakuja, ananuka maziwa."

Mtoto alizaliwa baba yake akiwa bado ndani. Alipotoka hakunisalimia. Alimpakata mwanawe, akamnusa utosi kwa muda mrefu. Halafu akauliza, bila kunitazama, nani atakuwa msemaji siku ya harusi.

"Wewe," nikamjibu. "Ila ufunguo nakaa nao mimi, palepale."