Jani Lililokauka Dirishani

Mwaka ule wa 1949 mvua zilichelewa, nami nilikuwa mlinzi wa mfongo, mfereji unaoleta maji ya mlimani kwenye vihamba vyetu, mashamba ya migomba na kahawa, huku Mwika. Kila nyumba ilikuwa na siku yake. Jumatano ilikuwa yetu, na Jumatano hiyo nilimkuta Mama Kornelia, mjane jirani yetu, amebomoa kizuizi cha matope na kuyageuzia maji kwenye maharage yake.

"Sirili mwanangu, yanakufa."

"Siku yako ni Jumamosi. Au wajane mna kalenda yenu?"

Nikamnyang'anya jembe. Nikamwambia na Jumamosi asitokee.

Asubuhi yake alikuja na jani la isale. Kila Mchagga anajua: aliyekukosea akikuletea isale, humnyimi msamaha. Mimi nilikuwa mezani natunga shairi la huruma, la kusoma kanisani Jumapili, na vina vilikuwa vimenikubali. Sikuinuka kitini.

"Mama, jani halinyweshi kahawa."

Aliliweka dirishani, akaenda zake.

Jumapili nilisoma kwa sauti ya kutikisa bati: "Mwenye kosa msamehe, usimwache aumie." Upande wa wanawake, Mama Kornelia alinitazama bila hasira. Afadhali angekasirika.

Nje, binamu yangu Wenseslaus alinipiga bega. "Malenga! Hata Padre katoa leso!"

Mama Kornelia alikuwa anapita. "Shairi zuri, mwanangu. Na jembe langu?"

Watu wakacheka, wakidhani utani. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Niliona haya siku tatu nzima, na siku tatu hizo jua halikumhurumia mtu. Jumatano niliyageuza maji yetu yote kwake, nikamfuata na jembe na lile jani. Alikuwa amechuchumaa, anang'oa maharage yaliyoungua, akichokonoa udongo kwa kijiti.

"Shikamoo, Mama. Nimekukosea."

"Marahaba." Alipokea jembe. Jani, lililokwisha kukauka, akanirudishia. "Hili ni langu, Sirili. Niletee la kwako."

Isale letu limeota mpakani, kando ya njia, na siku hiyo ilikuwa ya soko. Nilikwenda kulikata mbele ya wanawake wenye mikungu ya ndizi kichwani.

"Malenga!" Wenseslaus alipaza sauti kutoka kihambani kwake. "Umemkosea nani?"

Nikamtaja, kwa sauti ileile ya kanisani.